Mashuka ya Mama Mkwe na Mashine Iliyogoma Kukamua

Mtaani walimwita Pirika, na mwenyewe aliitika. Jina alilopewa na wazazi lilibaki kwenye kitambulisho tu. Hakuna aliyewahi kumwona amekaa. Chai alikunywa wima, kikombe mkono mmoja, kitambaa cha kufutia meza mkono wa pili. Ukimkaribisha kiti atakwambia, "Asante, sikai," halafu asimame mlangoni pako mpaka chakula chako kipoe, anapiga soga huku anapangusa vumbi la fremu ya mlango wako kwa kidole. Kuishi naye nyumba moja ni kuchoka wewe kwa niaba yake.

Siku ninayoisema alizidi hata kipimo chake. Wifi alikuwa anakuja. Na si wifi wa kuja kula na kucheka, la. Huyu ni dada mkubwa wa mumewe, msimamizi wa vyumba katika hoteli moja kubwa, mwanamke ambaye kazi yake ya kutwa ni kuingia chumbani, kuvuta shuka kwa ncha za vidole viwili, na kusema, "Rudia." Alikuwa amepiga simu jana yake. Maneno yalikuwa machache: "Wifi, kesho mchana nakuja kumwona mama. Ikibidi, nitaondoka naye." Simu ikakatwa. Ikibidi nini, hakueleza, na Pirika aliogopa kuuliza.

Mama anayesemwa hapo ni mama mkwe wa Pirika, fundi cherehani aliyeshonea watu tangu ujana wake mpaka macho yakaanza kumwangusha. Mwaka huo alianguka bafuni, akavunjika nyonga, akapasuliwa, akapona. Daktari alisema atembee na mkongojo kidogo kidogo, ajitumikie kadiri anavyoweza. Pirika alisikia "kidogo" akaacha yaliyobaki. Mama alianguka Pirika akiwa jikoni, hatua chache tu kutoka pale, na ule mshindo haukumtoka masikioni. Tangu siku hiyo mama hakuachiwa hata kujimiminia maji. Aliletewa, akainuliwa, akachanwa nywele, akafunikwa. Cherehani ilisukumwa stoo. Sindano na mkasi vilifichwa, maana mikono ya mama ilitetemeka na siku moja alijichoma kidole, Pirika nusura aite gari la wagonjwa. Na mashuka, jamani! Mashuka ya mama yalibadilishwa kila asubuhi, yawe machafu yawe masafi, yanavutwa yanatupwa kwenye mashine.

Alifanya hivyo kwa sababu alimpenda, tusizunguke. Pirika alifiwa na mama yake angali mdogo, akalelewa kwa zamu na mashangazi ambao hakuna aliyemtaka kwa muda mrefu. Neno "mama" alianza kulitamka ukubwani, kwa mwanamke huyu. Leo aje mtu amchukue? Weee!

Basi asubuhi hiyo alitaka wifi akiingia akute kitanda kinang'aa, asipate hata pa kushika. Alikusanya mashuka yote mazuri ya nyumba, meupe na ya maua, pamoja na foronya zake, akayasukumiza kwenye mashine na kuusindika mlango kwa goti. Mashine ikafua vizuri tu. Ilipofika zamu ya kumwaga maji na kukamua, ikaguna, ikatetemeka, ikanyamaza. Kisha ikaanza kulia pii, pii, pii, na kwenye kioo chake kidogo ikaonyesha herufi na namba ambazo aliyezibuni ndiye ajuaye maana yake.

Pirika akachungulia. Ndani mashuka yalikuwa yanaelea kwenye maji ya kijivu. Akavuta mlango, mlango umefunga. Akavuta kwa nguvu, mashine nzima ikasogea na mlango wake umefunga vilevile.

"Usinifanyie hivyo," aliiambia. "Leo siyo siku ya kunifanyia hivyo."

Akazima, akawasha. Pii, pii. Akachomoa plagi ukutani. Aliwahi kusikia kwamba vitu hivi ukivichomoa uvipumzishe kidogo kabla ya kuchomeka, lakini mwambie Pirika apumzishe kitu! Alihesabu kidogo kwa haraka, akachomeka. Ikaguna, ikalia. Akaenda kutazama bomba la maji safi, liko wazi. Akaivuta mashine kutoka ukutani, peke yake, mgongo ukalalamika, akakagua mpira wa maji machafu kwa nyuma. Aha! Ulikuwa umejikunja pale ulipobanwa na ukuta. Akaunyoosha, moyo ukamchangamka, akaweka kwenye kukamua tu. Pampu ikaunguruma kwa chini, halafu ikakaba. Hata tone halikutoka.

"Kuna nini huko?" Sauti ya mama ilitoka chumbani.

"Hakuna kitu, mama! Lala!"

"Nimelala tangu jana."

Pirika hakuisikiliza hiyo. Kelele ilikuwa imemvuta jirani wa ukuta kwa ukuta, mzee mmoja mstaafu aliyefundisha michezo shuleni, mtaa mzima unamwita Refa kwa kuwa hawezi kuona jambo akaacha kulitolea uamuzi. Akasimama mlango wa jikoni, mikono nyuma.

"Hii imekwisha," akasema.

"Refa, hata hujaiangalia."

"Sauti inatosha. Hiyo ni sauti ya kitu kilichokwisha. Mimi ya kwangu ilitoa sauti hiyo hiyo, kesho yake tukaipandia maua."

"Sasa wewe umekuja kunisaidia au kunipigia filimbi ya mwisho?"

"Mlaze ubavu, mtikise," alisema Refa, bila kukasirika. "Yaani ilaze. Maji yatajitokea yenyewe."

"Toka, Refa. Kwa heshima zote, toka."

Refa akatoka, lakini akabaki uani, maana mechi ilikuwa haijaisha.

Pirika akashika simu, akampigia mumewe. Mume ni dereva wa lori la masafa, yuko mbali, na ni mtu wa taratibu mpaka unatamani kumalizia sentensi zake. Ndilo kosa ambalo Pirika alizoea kulifanya.

"Imejaa maji na haimwagi," alisema. "Pampu inaunguruma halafu inakaba. Mlango haufunguki. Dada yako yuko njiani."

"Poa moyo kwanza," alisema mume.

"Usiniambie nipoe moyo!"

"Haya. Sikiliza. Chini, upande wa kulia, pana kifuniko kidogo cha mraba. Ukikibandua utaona kizibo cha kuzungusha. Hicho ndicho kichujio. Mara nyingi kuna kitu kimenasa hapo. Sasa, kabla huja—"

"Nimeelewa!"

Na simu akaikata. Mume alipiga tena papo hapo. Simu ililia juu ya meza, ikalia, lakini Pirika alikwisha piga magoti na kubandua kifuniko kwa kisu cha siagi. Alichokuwa karibu kuambiwa ni kwamba kizibo kile hufunguliwa kidogo kidogo, beseni likiwa chini, maji yachuruzike, ufunge, umwage, ufungue tena. Yeye alikishika kwa mikono miwili akakizungusha mpaka mwisho.

Loh! Maji yote ya mashine yalimtokea kifuani kwa mkupuo mmoja. Alipiga ukelele, akajaribu kurudishia kizibo, kikamponyoka, kikateleza chini ya kabati. Maji ya sabuni yakatambaa jikoni, yakapita chini ya jiko, yakachungulia ukumbini, yakaingia. Kutoka dirishani Refa alisema, "Mimi niliwaambia ilazeni," akaenda zake kabla hajajibiwa.

Pirika alikaa chini kwenye maji. Alikaa hasa, makalio sakafuni, jambo ambalo mtaa ule ungelipa kiingilio kuliona. Alitaka kulia lakini alijikuta anapeleka mkono ndani ya lile tundu, maana mkono wake haukujua kukaa bure hata wakati wa msiba. Vidole vikagusa kitu laini kilichosokotana. Akavuta. Kikaja, kikaja tena, bonge la nyuzi lenye ukubwa wa ngumi, nyeupe, za rangi ya maziwa, za bluu, zimejifunga kwenye panga za pampu, na katikati yake pini moja ya kubania, imepinda.

Aliligeuza mkononi asielewe. Nyuzi za cherehani, hizi. Zimekatika katika vipande vilivyolingana, na zina mikunjo midogo midogo ya uzi uliowahi kukaa ndani ya kitambaa. Kwa muda sasa alikuwa akiona mapindo ya mashuka yamefumuka, kingo zinachanuka, na alikuwa akiilaumu mashine kwa kuyatafuna. Hata kwa mumewe aliisema mashine. Sasa akafungua mlango wa mashine, ambao ulikubali maji yalipoisha, akatoa foronya moja na kuigeuza ndani nje. Kwenye pembe yake palikuwa na nyuzi nyingine, zimesukumizwa mpaka mwisho, zimekunjwa vizuri kwa mkono wa mtu anayejua kukunja uzi.

Kumbe! Kila asubuhi yeye alizoa foronya na mashuka hivyo hivyo, bila kukung'uta, bila hata kugeuza, akatia kwenye mashine. Mtu mwingine yeyote angekung'uta. Lakini kukung'uta kungemchukua muda, na Pirika muda hakuwa nao, ingawa hakuna aliyejua alikuwa anaupeleka wapi.

Aliingia chumbani kwa mama huku anadondosha maji, bonge la nyuzi mkononi. Mama alikuwa amekaa kitandani, mito nyuma yake, blanketi mpaka kiunoni, mikono juu ya blanketi. Alilitazama lile bonge, akatazama pembeni.

"Mama, umeyafumua wewe?"

"Mimi."

"Mashuka yote?"

"Yale yaliyoshonwa vibaya nilianza nayo. Kisha na mengine." Mama alikohoa kidogo. "Pini niliipata kwenye gauni langu. Hukuiona ulipoficha vingine."

"Lakini kwa nini? Ungeniambia unataka kitu, si ningekuletea!"

"Ndiyo," alisema mama. "Ungeniletea."

Pirika alisimama katikati ya chumba. Ndipo alipouona, chini ya kitanda, mfuko wa safari, zipu imefungwa, kanga imekunjwa juu yake. Mfuko ule alikuwa ameuacha juu ya kabati. Kuutoa pale inabidi mtu ainuke, ashike mkongojo, anyooshe mkono, na huyu mtu haruhusiwi kuinuka.

"Wifi alikwambia ujiandae?"

"Wifi yako hajaniambia kitu. Mimi ndiye niliyempigia. Nilimwambia aje anichukue."

Hapo Pirika aliumia. Aliumia mpaka akakasirika, na akakasirika kwa sauti ambayo hakuwahi kuitumia mbele ya mama mkwe. "Nimekukosea nini? Niambie! Nimekulaza njaa? Nimekununia? Usiku naamka kukusikiliza kama unapumua! Nimekukosea nini mimi?"

"Hujanikosea kitu, mwanangu. Hiyo ndiyo taabu yenyewe." Mama aliinyoosha mikono yake mbele, ikatetemeka, akaiacha itetemeke. "Mikono hii imevalisha maharusi wa mtaa mzima. Sasa inalala juu ya blanketi kutwa. Unanitunza vizuri, kila mtu anasema. Unanitunza mpaka najiona nimeshakufa, bado kuzikwa tu. Nilifumua ili nione kama vidole bado vinajua. Vinajua."

"Ulianguka," alisema Pirika. "Ulianguka nami nipo. Nikafika umelala pale chini, hukunijibu. Unajua ulivyokuwa? Mimi sitaki tena kusikia kitu kile. Siwezi, mama."

"Niliteleza kwenye sabuni. Hata wewe ungeteleza."

Pirika akajifuta uso kwa kiganja kilichojaa povu, macho yakamuwasha zaidi. Akageuka, akasema anakwenda kukausha jikoni. Nyuma yake akasikia kitanda kikilia na mkongojo ukigusa sakafu.

"Mama, kuna maji!"

"Nimesikia. Niletee kiti jikoni, basi. Hilo nakuruhusu."

Ndivyo wifi alivyowakuta. Alikuja mapema, kama kawaida ya wakaguzi, na mlango wa mbele ulikuwa wazi. Alikanyaga dimbwi kwa viatu vyake vya ngozi, akafuata maji mpaka jikoni. Mashine iko katikati ya chumba kama ng'ombe aliyekataa kutoka. Mke wa mdogo wake amelowa kuanzia kifuani. Na mama yake mzazi, mgonjwa wa nyonga, amekaa kwenye kiti, gauni limepandishwa magotini, ameshika ncha moja ya shuka, Pirika ameshika ncha ya pili, wanalikamua kwa mkono, huyu anasokota kulia, yule kushoto.

"Ala!" alisema wifi. "Mnamfulisha mama?"

Pirika aliachia ncha yake kama aliyeshikwa ugoni. Alikwisha jiona ameshindwa. Kitanda hakijatandikwa, nyumba imefurika, mashuka yamechanuka kingo, na hapo kuna jicho linaloona hata mkunjo wa foronya.

"Shika shuka lako wewe," mama alimwambia Pirika. "Umeniacha naning'inia." Kisha akamgeukia bintiye. "Na wewe vua viatu, chukua dekio. Siyo hoteli hii."

Wifi alivua viatu. Mtu aliyeamrisha vyumba vyote vile alipiga deki jikoni na ukumbini bila neno, na alipiga vizuri, hakuna ubishi. Pirika alikitoa kizibo chini ya kabati kwa mpini wa ufagio, akakiosha, akakirudisha. Akaiwasha mashine ikiwa tupu. Pampu ikaimba bila kukaba. Siku nyingine angepiga vigelegele. Siku hiyo aliizima tu, akasimama anasubiri hukumu yake.

"Wifi," alisema dada yule, mikono juu ya mpini wa dekio, "mama alinipigia analia. Nilijua kuna mateso humu. Nimekuja na gari, nimekuja na maneno ya kukwambia, nimeyapanga njia nzima." Akatazama mama yake, ambaye alikuwa anakagua upindo uliofumuka na kuusonya. "Sasa sijui niyapeleke wapi."

"Mama, unakwenda au unabaki?" Pirika aliuliza mwenyewe. Hakuweza kungoja zaidi.

Mama alilikunja shuka lililokamuliwa, ncha kwa ncha, akaliweka mapajani.

"Nabaki mwezi huu," alisema. "Cherehani itoke stoo. Maji yangu najimiminia. Chooni nakwenda mwenyewe, na mtu asinifuate na mikono mbele utafikiri nachungwa. Nikiona umenianza tena, namwita huyu, na safari hiyo mfuko hautakaa chini ya kitanda, utakaa mlangoni."

"Sawa, mama."

"Umesema sawa upesi mno."

"Sawa," Pirika alirudia, polepole, na ilimgharimu.

"Haya. Nakwenda chooni."

Mama akaweka shuka mezani. Akashika mkongojo, akaegemea, akajaribu kuinuka, hakuweza. Pirika aliruka. Wifi akamdaka kifundo cha mkono, akamshika. Mama akajaribu tena, akainuka, akasimama akipumua, akaelekea ukumbini bila kugeuka nyuma. Wakausikia mkongojo, ukifuatwa na unyayo, kisha mkongojo tena, taratibu kuelekea bafuni, bafuni kule kule.

Halafu kimya.

"Amesimama," Pirika alinong'ona. "Kwa nini amesimama? Niachie."

"Ngoja."

"Sakafu ina unyevu, niachie nikamwone tu, sitamgusa, nakuapia."

"Nimeikausha mimi. Ngoja." Lakini na sauti ya wifi ilikuwa haina nguvu, na vidole vyake vilikuwa vya baridi.

Kimya kikaendelea. Miguu yote miwili ilimwambia Pirika nenda, akaikaza sakafuni, akafumba macho. Huko ukumbini mtu alivuta pumzi, akasema kitu peke yake, kama anayeikaripia nyonga yake. Mkongojo ukagonga. Unyayo ukafuata. Mlango wa bafuni ukafunguliwa, ukafungwa, na komeo likatiwa kwa ndani.

Wifi hakumwachia mkono, wala Pirika hakuuvuta tena.